Je, Wajua? Jeli Zenye Akili, Chanjo na Joto la Chokocho

Je, wajua kwamba chanjo nyingi wanazopewa watoto hutakiwa zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8 tangu zinapotoka kiwandani hadi zinapoingia kwenye paja la mtoto? Sasa teremka kusini mwa Pemba, wilaya ya Mkoani, mpaka Chokocho, pale ambapo anayekwenda Kisiwa Panza huacha gari na kupanda chombo. Chanjo nayo ikivuka hapo huvuka ndani ya boksi lenye barafu, na boksi hilo lina muda wake. Maji yakiwa yametoka, chombo kitasubiri yajae. Barafu haisubiri.

Na je, wajua kwamba Uswisi, Uingereza, Marekani na Japani wako watu wanaoamka kila siku kutafuta namna ya kulifanya boksi hilo lisihitajike? Wanachokitumia ni jeli. Si ile ya nywele.

Jeli ni kitu gani? Halua uliyokula Idi ni jeli: wanga umepikwa mpaka nyuzi zake zikafumana kama wavu, na maji yakanaswa humo ndani. Ndiyo maana halua haimwagiki ingawa maji yamo ndani yake. Jeli za maabara zimejengwa vivyo hivyo, ila nyuzi zake huchaguliwa kwa makusudi, na ndani ya wavu, pamoja na maji, hutiwa chanjo.

Je, wajua kwamba unga uliomo ndani ya pampasi nao hugeuka jeli? Hunywa maji safi mara mia kadhaa ya uzito wake. Utie maji ya bahari uone: unga utakunywa kidogo tu, maana chumvi huubana. Jeli imeonja chumvi ikabadili tabia, na tabia kama hiyo ndiyo iliyozaa habari yote hii.

Je, wajua kwamba aliyeiingiza jeli ya maji katika matibabu alitumia vitu vya mtoto wake? Otto Wichterle, mkemia wa Prague, aliandika mwaka 1960 pamoja na Drahoslav Lím katika jarida la Nature kuhusu jeli inayoweza kukaa mwilini bila kudhuru. Krismasi ya 1961, nyumbani kwake, alitengeneza lenzi laini za kuvaa machoni kwa mashine aliyoiunda kwa vyuma vya kuchezea vya watoto na dainamo ya baiskeli. Kila avaaye lenzi laini leo amevaa jeli.

Jeli huhesabiwa kuwa na akili pale inapobadilika yenyewe ikiguswa na jambo fulani: joto, tindikali, sukari, chumvi, hata kusukumwa tu. Mwaka 1978 Toyoichi Tanaka, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi chuo cha MIT, Marekani, alionyesha kwamba baadhi ya jeli hazinywei kidogo kidogo. Joto likivuka mpaka fulani, hunywea kwa ghafla. Tangu hapo watu wakaanza kuuliza: ukificha dawa humo, je, utaweza kuchagua wakati wa kuitoa?

Je, wajua kwamba jeli imo ndani ya chanjo tangu 1926? Mwaka huo Mwingereza Alexander Glenny aliona kwamba chanjo ya dondakoo ikichanganywa na shabu hufanya kazi vizuri zaidi. Naam, shabu, ile wanayojipaka wanaume wakishanyoa. Mpaka leo chanjo ya Penta, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini ya B na Hib, huwa na chembe za jeli ya aluminiamu zilizobeba chanjo yenyewe. Ndizo zinazoipa ule weupe wa ukungu ukikitikisa kichupa.

Na je, wajua kwamba jeli hiyo huuawa na baridi? Wengi wetu tunaogopa joto peke yake. Chanjo ya Penta, ya homa ya ini au ya HPV ikiganda mara moja imekwisha, hata ikiyeyuka tena. Wavu wa jeli hukatika, chembe hushikana mabonge, na kinga hupotea. Mhudumu akiwa na shaka hufanya jaribio la kutikisa. Huchukua kichupa kimoja cha aina ileile na toleo lilelile, akakigandisha makusudi, akakiacha kiyeyuke. Kisha hukishika pamoja na kile anachokishuku, akavitikisa vyote viwili, akaviweka mezani penye mwanga. Kile kilichoganda huanza kuchuja mapema: vipande kama mba huteremka, juu maji yanabaki maangavu, na kabla ya nusu saa kupita tabaka zito limekaa chini. Kinachoshukiwa kikichuja kwa mwendo uleule, hakifai, kinatupwa. Kikibaki na ukungu wake, kinafaa. Hakuna mashine wala umeme katika jambo hili, ni macho na subira tu.

Ndiyo maana vipande vya barafu havitakiwi kutoka kwenye friza na kuingia moja kwa moja ndani ya boksi. Huachwa nje vitoe jasho, mhudumu akavitikisa karibu na sikio. Akisikia maji yanacheza ndani, hapo ndipo huvipakia.

Kile kidoa kidogo juu ya kichupa je, umewahi kukiangalia? Ni duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni salama. Joto likizidi kuipata, mraba huiva kidogo kidogo, na ukishafanana rangi na duara, chanjo haitumiki tena. Alama hizi zilianza kubandikwa mwaka 1996 kwenye chanjo ya matone ya polio. Kwangu mimi huu ni ugunduzi mkubwa kuliko mwingi unaotangazwa kwa mbwembwe, kwa sababu hata mzazi anaweza kuusoma.

Je, wajua kwamba umeme wa gridi ulifika Pemba mwaka 2010 tu? Uliletwa kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya dizeli, friji za chanjo zikiwemo.

Na je, wajua kwamba mwaka mmoja kabla ya waya huo, Pemba ilikuwa kwenye moja ya kampeni kubwa za majaribio ya chanjo ya kipindupindu barani Afrika? Mapema mwaka 2009 wizara ya afya ya Zanzibar, pamoja na Shirika la Afya Duniani, WHO, ilitoa chanjo ya kunywa katika shehia kadhaa za Unguja na Pemba. Mwambe, iliyo wilaya moja na Chokocho, ilikuwemo. Watu zaidi ya 23,000 kati ya 48,000 hivi waliolengwa walikunywa dozi zote mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 katika The Lancet Infectious Diseases: waliochanjwa walipata kinga ya asilimia 79. Kubwa zaidi, hata wale ambao hawakunywa walipungukiwa na ugonjwa pale ambapo majirani zao wengi walikunywa. Ukitaka ushahidi wa faida ya chanjo ya jirani, hakuna haja ya kwenda Ulaya kuutafuta.

Sasa angalia vile chanjo hiyo ilivyonywewa. Kwanza unga wenye soda ulikorogwa kwenye maji, kisha chanjo ikamiminwa humo, ndipo mtu akanywa. Soda ilikuwa ya kazi gani? Tumbo lina tindikali kali, na sehemu moja ya chanjo ile, protini inayofanana na kipande cha sumu ya kipindupindu, huharibiwa na tindikali. Soda ilituliza tumbo ili protini ipite. Maana yake, kila dozi ilihitaji maji safi ya kukorogea, katika maradhi ambayo chanzo chake ni ukosefu wa maji safi.

Hapo ndipo jeli yenye akili inapoingia. Aljinati, utomvu wa mwani wa kahawia, hugeuka jeli ikikutana na kalisi. Jeli hiyo ndani ya tindikali hujikunyata na kufunga milango. Ikifika utumbo mwembamba, ambako tindikali imekwisha, huvimba na kuachia ilichobeba. Imepimwa na watafiti wengi kama chombo cha kubebea chanjo za kunywa, na hoja yake ni nyepesi: badala ya kulituliza tumbo zima, ifunike chanjo peke yake.

Lakini tusidanganyane. Chanjo za kipindupindu zilizokuja baadaye, ambazo leo ndizo zinazotolewa zaidi kwenye milipuko, hazina ile protini dhaifu. Hunywewa hivi hivi, bila soda na bila maji. Wakati mwingine dawa ya tatizo ni kulitoa tatizo lenyewe ndani ya chupa, na watu wa jeli hawapendi sana kukumbushwa hilo.

Je, wajua kwamba sayansi ya chanjo inadaiwa na jiko? Mwaka 1881 huko Ujerumani, Walther Hesse alikuwa akihangaika kuotesha bakteria kwenye jelatini, nayo ikiyeyuka kila joto lilipopanda. Mkewe, Fannie Hesse, akamwambia ajaribu agari, aliyokuwa akipikia pudini na ambayo aliifahamu kutoka kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Agari hutoka kwenye mwani mwekundu. Robert Koch akaichukua, na mpaka leo maabara za dunia nzima huotesha bakteria juu yake. Akina mama wa Pwani wanaiita chaina-grasi na wanaigandisha kwa maziwa na hiliki mwezi wa Ramadhani. Bibi Hesse hakupata hata senti.

Je, wajua kwamba mwani unaoanikwa Pemba ni jeli inayosubiri maji ya moto? Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, baada ya utafiti wa miaka mingi ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, na wakulima wengi ni wanawake. Maji ya bamvua yakitoka, mama anaingia baharini na vishada vyake, anafunga kila kishada kwa taitai kwenye kamba iliyotandazwa kati ya mambo mawili, mgongo umeinama muda wote maji yasijemrudia. Baada ya wiki sita hivi anavuna. Anaanika. Anauza kwa kilo, na bei ya kilo mkulima wa mwani mwenyewe ndiye wa kukwambia, ukiwa na nafasi ya kusikiliza manung'uniko.

Ndani ya mwani huo mna karagenani. Aina iitwayo kotonii hutoa jeli ngumu inayovunjika. Aina iitwayo spinosamu, ambayo ndiyo iliyobaki kwa wingi kwa kuwa kotonii imeshindwa na joto la bahari na maradhi, hutoa jeli laini inayonyumbuka. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, amelieleza tatizo hilo la kotonii kwa miaka mingi, na jinsi lilivyowapunguzia akina mama mapato, maana spinosamu ina bei ya chini.

Sasa hebu itazame hiyo jeli ya spinosamu kwa karibu. Ikoroge, inalegea na kutiririka. Iache, inajifunga tena yenyewe, kama haikuguswa. Tabia hiyo ya kulegea ikisukumwa na kujiunga ikiachwa ndiyo inayotafutwa kwa udi na uvumba na watengenezaji wa jeli za sindano, kwa sababu jeli ngumu haipiti kwenye tundu la sindano na jeli nyepesi haikai mahali pamoja mwilini.

Geuza tyubu yako ya dawa ya meno usome maandishi madogo. Ukikuta neno carrageenan, hiyo ni karagenani. Huenda ilianza safari yake kwenye mchanga wa Pemba, ikapita kiwandani ng'ambo, ikarudi dukani ikiwa na bei nyingine kabisa.

Je, wajua kwamba karagenani ya spinosamu tayari iko puani mwa watu? Huko Ulaya huuzwa dawa za kupuliza puani zenye karagenani hiyo, za kukabili virusi vya mafua: jeli hutandaza utando unaowazuia virusi wasishike. Kutoka hapo hadi chanjo ya puani si mbali. Lakini kuidunga karagenani chini ya ngozi ni habari nyingine. Tangu 1962 aina moja ya karagenani hutumiwa maabara kuvimbisha nyayo za panya makusudi, ili zijaribiwe dawa za kutuliza uvimbe. Kwa hiyo akitokea mtu wa kukwambia mwani ni wa asili hivyo hauna madhara popote utakapotiwa, mkumbushe panya.

Magamba ya kaa na kamba nayo yamo. Hutolewa humo kitosani, kitu kinachonata kwenye ute wa pua na utumbo, na ukikichanganya na chumvi fulani kinakuwa maji katika joto la chumba na jeli katika joto la mwili. Magamba tunayoyatupa kwenye mikoko, wenzetu wanayanunua kwa tani.

Wajua kwa nini jeli za mwani na magamba zingependeza zaidi kisiwa kama Pemba, chenye Waislamu karibu watupu? Baadhi ya chanjo hutumia jelatini ya nguruwe kama kitu cha kuihifadhi. Mwaka 1995, katika mkutano wa wanazuoni na madaktari uliofanyika Kuwait, ilikubaliwa kwamba kitu kikishageuka asili yake, istihala, hukumu yake nayo hugeuka. Mwaka 2018 baraza la maulamaa la Indonesia likaja na njia nyingine kuhusu chanjo ya surua na rubela: likasema vilivyotumika kuitengeneza ni haramu, lakini likaruhusu itumike kwa dharura. Njia mbili tofauti, na zote zinaruhusu. Ila mama aliyeketi kliniki na mtoto mapajani hana muda wa kufuatilia mjadala wa fiqhi, na jeli isiyo na swali ingemrahisishia.

Je, wajua kwamba sukari inaweza kuwa ufunguo? Mwaka 2022 Bruno Marco-Dufort, Mark Tibbitt na wenzao wa ETH Zurich walichapisha katika Science Advances habari za jeli inayoshika protini na virusi kiasi kwamba vinahimili hadi nyuzijoto 65. Protini huharibika kwa joto kwa sababu hukunjuka na kushikana na wenzake. Ndani ya wavu wa jeli kila moja iko chumbani mwake, haimfikii mwenziwe. Ukitaka kutumia, unatia maji ya sukari: nyuzi za jeli zinapenda sukari kuliko zinavyopendana, zinaachana, na kilichokuwemo kinatoka.

Na je, wajua kwamba wengine waliipeleka jeli yao posta? Matthew Gibson wa Manchester na Dave Adams wa Glasgow walichapisha mwaka 2024 katika Nature jeli ngumu inayofungia protini ndani ya bomba la sindano lenyewe. Ilistahimili nyuzi 50, ikatumwa kwa posta ya kawaida, ikarudi salama. Ukisukuma bomba, jeli inakatika na kubaki nyuma, protini safi ndiyo inayotoka. Mojawapo ya walizojaribu ni insulini. Kwa mgonjwa wa sukari asiye na friji, hiyo ni habari ya kukaa kitako na kuisoma mara mbili.

Chuo Kikuu cha Bath nao, chini ya Asel Sartbaeva, wanaivika protini gamba la silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga.

Je, wajua kwamba jeli inaweza kumpunguzia mtoto sindano? Chanjo ya sindano ya kawaida hukaa mwilini siku chache, kisha husafishwa. Maradhi ya kweli hayaendi hivyo. Vijidudu hujionyesha kwa wiki nzima au zaidi, na tezi za limfu hupata muda wa kujifunza na kunoa kingamwili. Eric Appel na wenzake wa Stanford wametengeneza jeli ya nyuzi zinazotokana na selulosi, ile ya mimea, pamoja na chembe ndogo sana. Inapita kwenye sindano, inajiunga chini ya ngozi, inaachia chanjo kwa wiki kadhaa. Kwa panya ilitoa kingamwili bora kuliko chanjo hiyohiyo iliyodungwa kwa njia ya kawaida. Kwa panya, nasisitiza.

Linganisha na malaria. Chanjo ya R21, iliyojaribiwa Bagamoyo na Taasisi ya Afya ya Ifakara pamoja na vituo vya Kenya, Mali na Burkina Faso, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2024, ina dozi tatu za mwanzo na ya nne baada ya mwaka. Kwa anayekaa ng'ambo ya maji, dozi nne ni nauli nne.

Sasa hili ndilo ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha. Jeli maarufu kuliko zote za joto, zile za familia ya PNIPAM, hubadilika kwenye nyuzi 32. Polokzama, nyingine inayopendwa sana, ikiwa nzito huwa maji ndani ya friji na huanza kuganda kwenye nyuzi ishirini na kitu. Aliyeko Zurich au Boston anaona sawa: chumba kina nyuzi 20, mwili una 37, jeli itabadilika ikiingia mwilini. Mletee Chokocho mchana wa Februari, kabla ya masika, kivulini pakigusa nyuzi 32. Jeli itaamka juu ya meza. Itaganda ndani ya bomba kabla ya kumwona mgonjwa, na mhudumu atairudisha kwenye boksi la barafu, lilelile tuliloambiwa linaondoka. Nafasi kati ya joto la hewa na joto la mwili ni pana Ulaya, huku kwetu ni ya nyuzi tano. Jeli ya Pwani inabidi iundwe kwa ajili ya Pwani, au itumie ufunguo mwingine usio joto: sukari, tindikali, msukumo. Ndiyo maana jeli ya Zurich na ile ya Manchester na Glasgow zinanivutia kuliko zote zinazoringia joto.

Pa kuanzia papo. Wawi, Chake Chake, iko maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Kitaliano, na imefanya kazi tangu mwaka 2000. Vipimo vya kisayansi Pemba si jambo geni.

Je, wajua kwamba Japani waliiweka chanjo ya kipindupindu ndani ya mchele? Kundi la Hiroshi Kiyono wa Tokyo lilipandikiza protini ya chanjo ndani ya punje mwaka 2007, ikakaa zaidi ya mwaka mmoja bila friji, na mwaka 2021 wakatoa matokeo ya kuinywesha kwa binadamu. Husagwa unga ukanywewa, usifikiri ni wali. Kundi hilohilo mwaka 2010 lilitoa jeli ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, ya kupuliza puani.

Au Gambia: kibandiko chenye miiba midogo inayoyeyuka kwenye ngozi, kikibeba chanjo ya surua na rubela. Mwaka 2024 The Lancet ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto wachanga walipata kinga ya surua kwa kibandiko kimoja. Hakuna sindano, na halii mtu.

Baridi kali kuliko zote? Chanjo ya Ebola iliyotumika Kivu na Ituri, huko Kongo, kati ya 2018 na 2020 ilihifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, Beni, Butembo, Goma na vijijini, katikati ya vita. Walioibeba milimani wakiwa na mapipa maalumu ya baridi wanastahili sifa kuliko chanjo yenyewe.

Na ndui ilikwishaje? Si kwa friji. Miaka ya 1950 Leslie Collier wa Uingereza alipata njia ya kuikausha chanjo yake ikastahimili joto la nchi zetu. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipatikana Merka, pwani ya Somalia, Oktoba 1977.

Je, wajua kwamba ng'ombe walitutangulia? Chanjo ya sotoka ilipatikana Muguga, Kenya, kwa kazi ya Walter Plowright. Baadaye Jeffrey Mariner akaikausha kwa namna iliyoiwezesha kukaa hadi siku 30 bila friji, na wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja, Karamoja ya Uganda ikiwemo. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutoweka duniani.

Kuku nao wamo. Tanzania hutengenezwa chanjo ya kideri aina ya I-2, inayovumilia joto, tone moja la jicho. Na katika mashamba makubwa ya kutotolesha vifaranga huko nje, chanjo dhidi ya vimelea vya utumbo hunyunyizwa ikiwa matone ya jeli yaliyotiwa rangi. Vifaranga huona vitone vinang'aa mgongoni mwa wenzao, wakavidonoa mpaka vyote vikaisha.